iMac ya 1999 na Mac OS X: watu walikuwa wanasubiri nini miaka yote ile?

Njiro_2004

Wakuu, shikamooni. Naomba kueleweshwa na mliokuwepo enzi hizo.

Mjomba wangu alikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi hapa Arusha. Amestaafu, na kompyuta yake amenipa mimi. Ni iMac DV ya bluu, toleo la mwishoni mwa 1999: prosesa ya G3 ya megahezi 400, RAM megabaiti 64, diski gigabaiti 10. Inawaka bila shida na ndani ina Mac OS 9 pamoja na kadi zake zote alizowahi kusanifu.

Nasoma kompyuta chuoni, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba mfumo endeshi unaitenga kila programu na mwenzake, na kwamba Unix, mfumo wa kompyuta za vyuo na maabara, ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1970. Sasa kwenye hii mashine programu moja ikikwama, zote zinakwama. Hata nikifungua menyu na kushikilia kipanya, kazi iliyokuwa ikiendelea nyuma inasimama mpaka niachie. Nimeshangaa kweli. Mashine nzuri kiasi hiki, tena ya 1999!

Mjomba anasema yeye na wenzake walisubiri Mac OS X, mfumo wa Apple uliokuja baada ya Mac OS 9, kwa miaka mingi. Sielewi ilichukuaje muda mrefu hivyo kama ujuzi ulikuwepo tayari. Na je, naweza kuiweka X kwenye hii bila kupoteza kazi zake? Kadi hizo anazipenda sana.

MamaKurasa

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mjomba salamu za msanifu kurasa mwenzake. Nilipanga kurasa za gazeti moja hapa Dar kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na kusubiri huko nilikuwemo, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Kwanza, hatukuwa tunasubiri sura. Siku hizi ukitaja Mac OS X watu wanakumbuka vile vitufe vya bluu vinavyong'aa ambavyo Steve Jobs, mkuu wa Apple, alivionyesha San Francisco Januari 2000. Sisi wa chumba cha kurasa tulitaka programu ikifa, ife peke yake. Basi.

Hiyo Mac OS 9 yako ina tabia ya mkutano usio na mwenyekiti. Anayeshika kipaza sauti anaongea mpaka aamue mwenyewe kukiachia, na asipokiachia hakuna wa kumnyang'anya. Programu ya kuhariri picha ikishika prosesa, programu ya kurasa inangoja hisani yake. Ndiyo maana ukishikilia menyu kila kitu kinasimama. Pili, programu zote zinakaa kwenye kumbukumbu moja isiyo na kuta, pamoja na mfumo wenyewe. Programu ikiandika mahali pasipo pake, inaweza kuandika juu ya mfumo, na hapo huna la kufanya ila kuwasha upya. Bofya mara moja kwenye programu yoyote, kisha fungua dirisha la taarifa zake: utaona sehemu ya kuiandikia kiasi cha RAM inachoruhusiwa. Hiyo kazi ya mfumo endeshi tulikuwa tunaifanya sisi kwa mkono. Ukurasa wa mbele una picha kubwa? Unafunga programu, unaiongezea kumbukumbu, unaifungua tena, na mhariri amesimama nyuma yako.

Kila msanifu wa wakati ule alikuwa na tabia ya vidole. Unaandika kichwa cha habari, unahifadhi. Unasogeza picha, unahifadhi. Mpaka leo vidole vyangu vinabonyeza vile vitufe viwili bila kuniuliza.

Sasa swali lako la kwa nini ilichelewa. Wengi watakwambia wahandisi walishindwa. Mimi nakataa, na ndilo ninalotaka ulishike. Kiini cha mfumo kilikuwepo na kilikuwa kimekomaa. Kilichochelewesha ni sisi, yaani watu tuliokuwa tunakula kwa programu za zamani.

Tazama mtiririko wenyewe. Machi 1994 Apple walitangaza mradi wa Copland, uliotakiwa kuwa mfumo mpya kabisa. Tuliusoma kwenye magazeti ya kompyuta yaliyokuja na wasafiri, yakizunguka mezani mpaka kurasa zinachanika. Agosti 1996 ukafutwa. Aliyependekeza ufutwe ni Ellen Hancock, mkuu wa teknolojia, chini ya Gil Amelio aliyeongoza Apple wakati ule. Wakati ule niliona ni ukatili. Leo naona yule mama alifanya la haki, kwa sababu hata Copland ingetoka, programu zetu za kawaida zingeendelea kukaa chumba kimoja cha kumbukumbu na kupokezana kwa hisani kama zamani. Kuta zingewekwa kwa kazi za ndani zisizo na madirisha tu. Yaani tungesubiri, tukapata, na bado programu moja ingeangusha nyingine.

Wakaanza kutafuta mfumo wa kununua. Wakaitazama BeOS ya Jean-Louis Gassée, ikatajwa Solaris ya Sun, ikatajwa hata Windows NT. Tarehe 20 Desemba 1996 wakatangaza kuinunua NeXT, kampuni ambayo Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. Na mfumo wa NeXT ulikuwa tayari umetoka toleo la kwanza mwaka 1989! Chini yake kulikuwa na Mach, kerneli (yaani kiini cha mfumo) iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Unix ya BSD. Avie Tevanian, mmoja wa walioiandika Mach chuoni, ndiye aliyekuja kuongoza programu Apple. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti kwenye mashine ya NeXT kule CERN mwaka 1990. Hata uchoraji wake kwenye skrini ulikuwa wa PostScript, lugha ileile tuliyokuwa tukiipelekea mashine ya filamu kiwandani. Niliposoma hilo nililia kwa furaha, sikufichi. Nilijua tunapata mfumo ambao unaona ukurasa kama mchapaji anavyouona.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 1997 mfumo ulikuwepo mkononi, na bado tukasubiri hadi Machi 2001. Sababu ni hii. Mpango wa kwanza, ulioitwa Rhapsody, ulisema: programu za zamani zitawekwa kwenye kisanduku chao, humo humo ziangushane kama kawaida; anayetaka mema ya mfumo mpya aandike programu yake upya. Kampuni kubwa za programu zikakataa. Na mimi nawaelewa. Programu ya kurasa au ya picha ni kazi ya miaka na miaka. Nani ataitupa aanze moja, wakati soko la Mac lenyewe wakati huo lilikuwa linayumba?

Mei 1998 ndipo wakaja na njia iliyotuokoa, Carbon. Wakapitia maagizo takriban 8,000 ambayo programu za Mac zilikuwa zikiutumia mfumo, wakaondoa kama 2,000 yasiyoweza kuishi kwenye nyumba yenye kuta, wakayabakiza yale 6,000. Mwenye programu sasa angerekebisha badala ya kuandika upya. Miaka iliyofuata ilikwenda kwenye daraja hilo, si kwenye kerneli. Nadhani ndiyo kazi kubwa zaidi waliyoifanya, na haikumbukwi kwa sababu haina picha ya kuonyesha.

Mhandisi_Mvita

Dada Kurasa umenena. Niongeze kidogo upande wa chuma.

Nilisoma uhandisi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maabara yetu ilikuwa na mashine za Sun zikitumia Unix. Tulikuwa wanafunzi wengi tumeingia kwenye mashine moja kwa mtandao, kila mmoja anaharibu lake. Programu yangu ikianguka, inatupa faili la mabaki ya kumbukumbu kwenye folda yangu, na jirani yangu hana habari. Nikirudi chumbani kwa rafiki mwenye Mac, naona picha ya bomu kwenye skrini, ishara kwamba mashine yote imeanguka. Tofauti ile ilikuwa inauma.

Na kijana, usidhani prosesa za nyumbani zilikuwa hazina uwezo. Mac ya kwanza ya 1984 ndiyo haikuwa nao: prosesa ya 68000 bila kifaa cha kusimamia kumbukumbu, RAM kilobaiti 128. Pale kuacha kuta ilikuwa busara, maana kuta zenyewe zinakula nafasi. Lakini 68030 ya mwaka 1987 ilikuwa na kifaa hicho ndani yake, na PowerPC zote za Mac, prosesa zilizofuata, zinacho. Apple wenyewe walitoa Unix yao ya Mac, A/UX, mwaka 1988, na toleo la tatu la 1992 liliendesha programu za System 7, mfumo wa Mac wa wakati huo, ndani ya Unix. Kwa hiyo chuma kilikuwa kimekaa mezani kwa watu, kinangoja programu za kukitumia.

Programu za 1984 ziliruhusiwa kugusa kumbukumbu ya mfumo moja kwa moja, na waandishi wakazoea. Miaka kumi baadaye ukitaka kujenga ukuta, unakuta kila mtu ana mlango wake pale pale unapotaka kuujenga. Hapo nakubaliana na dada moja kwa moja.

Jambo jingine: upande wa Windows ulikuwa vilevile. NT ilitoka 1993 ikiwa na kuta zote, ila watumiaji wa nyumbani waliendelea na 95, 98 na Me. Walipoletewa kiini cha NT ilikuwa XP, tarehe 25 Oktoba 2001. Pande zote mbili nyumba zilipata mfumo wa maabara mwaka uleule.

Linuksi_Eldoret

Salamu kwenu nyote. Naheshimu yaliyosemwa, lakini naomba kuweka upande wa pili kwa ajili ya kijana.

Sisi wengine hatukusubiri. Linus Torvalds alitangaza kazi yake, mfumo uliokuja kuitwa Linux, Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kwenye PC ya 386. Kufikia Machi 1994 toleo la 1.0 lilikuwa limetoka. Mimi niliipata Slackware, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwa mhadhiri wetu, nikaiweka kwenye PC ya mitumba. Kuta za kumbukumbu, watumiaji wengi, mtandao, vyote vilikuwemo, na bei yake ni bure. Mac zenyewe zilikuwa na MkLinux tangu 1996, nayo ilikaa juu ya Mach ileile. Aliyetaka mfumo wa maabara nyumbani angeupata miaka kabla ya 2001.

Kijana, ukishaiweka X, iwekee hiyo mashine Linux ya PowerPC pia ujifunze. Utaelewa mambo ambayo mfumo uliofungwa hauwezi kukuonyesha.

MamaKurasa

Ndugu wa Eldoret, unasema kweli, na kijana akusikilize. Ila nikuulize: ukurasa wa mbele ningeupangia nini kwenye Slackware ya 1994? Programu za kurasa, fonti tulizonunua, rangi ambazo mchapaji anazitarajia, vyote vilikuwa upande wa Mac. Anayejifunza kompyuta anaweza kuhama usiku mmoja. Chumba cha habari chenye gazeti la kesho asubuhi hakiwezi. Wewe ulihitaji mfumo. Mimi nilihitaji mfumo pamoja na meza yangu yote juu yake. Na hapo ndipo miaka ilipokwenda.

Nimalizie hadithi, maana kijana hajui kwamba hata baada ya kufika tulisubiri tena.

Toleo la majaribio la umma lilitoka Septemba 2000, likiuzwa dola 29.95. Sisi lilitufikia kwenye CD iliyoletwa na mtu aliyetoka London, kwa sababu kulipakua kwa modemu ya simu lilikuwa jambo lisilofikirika. Tuliliweka kwenye mashine moja ya pembeni. Nikafungua programu za majaribio nyingi kadiri nilivyoweza, nikaiua moja kwa makusudi. Ikaondoka peke yake. Zingine zikabaki zinafanya kazi. Tulisimama pale watu wa kurasa na mpiga picha mmoja, tukaiua nyingine, tukaitazama ikiondoka.

Tarehe 24 Machi 2001 likatoka 10.0, dola 129. Lilikuwa zito. Lilidai RAM megabaiti 128 wakati mashine nyingi zilikuwa na nusu yake, na DVD halikucheza mpaka 10.1 ya Septemba. Kwa kazi halikufaa bado, na hilo lisikushangaze: Photoshop ya kukaa kwenye X yenyewe ilikuja na toleo la 7 mwaka 2002, na QuarkXPress kwa toleo la 6 mwaka 2003. Kabla ya hapo ulifungua Classic, yaani Mac OS 9 nzima ikiendeshwa ndani ya X kama programu moja. Ikianguka inaanguka na vyote vilivyomo, lakini X inabaki imesimama. Ni nusu ya tulichoomba, na tulishukuru.

Kwa sisi wa huku, kitu kilichobadilisha maisha zaidi hakikutajwa sana kwenye majukwaa ya Marekani. Ni jonali. Mgao wa umeme mnaujua. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, mashine ikiwaka tena inaikagua diski nzima, na diski ikiwa kubwa unakaa unatazama mstari unavyosogea huku saa ya kiwandani inakwenda. Kuanzia 10.2.2, Novemba 2002, diski ya Mac ingeweza kuwekewa jonali: mfumo unaandika kwanza daftarini badiliko gani unataka kulifanya, ndipo unalifanya. Umeme ukirudi, unasoma daftari, unamalizia au unafuta lililokatika, na mashine inawaka. Kwenye 10.3 ya Oktoba 2003 jonali likawa la kawaida kwa diski mpya. Mei 2002 Jobs aliiwekea Mac OS 9 jeneza jukwaani mbele ya waandishi wa programu, lakini kwangu mimi Mac OS 9 ilikwisha siku umeme ulipokatika tukiwa kwenye kurasa za michezo, ukarudi, na sote tukawa tumerudi kazini kabla chai haijapoa.

Njiro_2004

Mama, asante sana. Nimemsomea mjomba yote, amecheka kwa furaha kwenye habari ya kuongeza RAM kwa mkono. Anasema alikuwa akifanya hivyo kwa kila kadi yenye picha ya maharusi. Sasa naomba unielekeze niweke toleo gani. Nimeona watu wanasema DV inapokea mpaka 10.4.

MamaKurasa

Inapokea 10.4, kwa sababu DV ina FireWire, ule mlango wa kasi wa kuunganisha diski na vifaa vya nje. Lakini kwa megahezi 400 mimi ningekuwekea 10.3. Ni nyepesi zaidi, ina jonali, na Classic imo, kwa hiyo kadi za mjomba zitafunguka kwenye programu zilezile alizozisanifia.

Fuata mpangilio huu wala usiruke. Kwanza kabisa nakili kadi zote nje ya mashine, kwenye diski ya FireWire au kwa kebo ya mtandao, na ufungue chache kwenye mashine nyingine yenye Mac OS 9 kuhakikisha zimefika salama. Usizipitishe kwenye flashi ya Windows ovyo, maana fonti za zamani za Mac zina sehemu mbili za faili, na sehemu moja hupotea njiani. Zifungashe kwanza kwenye faili moja la StuffIt, programu ya Mac ya kufungasha faili.

Halafu, ukiwa bado ndani ya Mac OS 9, angalia toleo la fimwea, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine. Linatakiwa kuwa 4.1.9. Ikiwa ni la chini, lisasishe kabla ya kugusa CD ya X. iMac za aina yako zikiwekewa X juu ya fimwea ya zamani zinaweza kubaki na skrini nyeusi. Wakati wa kusasisha, iwe kwenye UPS.

RAM megabaiti 64 haitoshi, 10.3 inataka 128 kwa uchache, na utapumua ukifika 512. Tafuta SDRAM za PC100 kwa mafundi wa PC za zamani. Mlango wake upo nyuma kwa chini, unafunguka kwa sarafu, nafasi ni mbili. Usifungue gamba lenyewe. Ile ni skrini ya kioo cha zamani na ndani yake inatunza umeme mkali hata ikiwa imechomolewa.

Mwisho, gawa diski sehemu mbili: moja ya 9, moja ya X. Kugawa kunafuta kila kitu, ndiyo sababu nilianza na kunakili. Ukiwasha huku umeshikilia kitufe cha Option, utapewa kuchagua uingie upande gani. Betri ndogo ya ndani, ya volti 3.6, huenda imekufa. Dalili yake ni tarehe kurudi nyuma kila ukichomoa waya. Hiyo mpe fundi anayezijua skrini za kioo.

Ukikwama kwenye fimwea, andika hapa namba unayoiona kabla hujaendelea. Mhandisi wa Mvita na mimi tupo.